Kukama na Kukamua

Ndugu walimu, aghalabu kurasa hizi huletewa habari za sarufi, za methali na za mitihani. Leo twaomba radhi kuleta habari iliyozaliwa katika stoo ya vitabu. Sisi tuandikao tu walimu wawili wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa, mashariki mwa Uganda. Tulijifungua katika mwaka mmoja, tukipishana kwa wiki tatu, na tukarudi kazini katika muhula mmoja, kila mmoja akiwa ameacha nyumbani mtoto asiyejua bado chakula kingine ila ziwa la mama.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, yaani wiki 12 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6. Ukiondoa wiki 12 katika miezi hiyo, zasalia wiki kama 14 ambazo mama yu ubaoni na mtoto yu nyumbani. Mmoja wetu alikwisha kutumia wiki mbili za likizo kabla ya kujifungua, na kwake pengo likazidi kupanuka. Hapakuwa na daraja la kulivuka ila chupa ndogo, kikombe, na mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Siku za kwanza tulifanya kazi hiyo kwa siri, ndani ya choo cha walimu. Mahali pale hapafai kutayarishiwa chakula cha mtu yeyote, sembuse cha mtoto mchanga. Tena maziwa yenyewe hayakutoka. Baadaye muuguzi alitueleza sababu: maziwa husukumwa nje kwa nguvu ya homoni iitwayo oksitosini, na hofu na aibu huizuia homoni hiyo isifanye kazi yake. Mama anayesikiliza mlango usigongwe hukamua matone tu. Na ziwa lisilotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza, kwa hiyo aibu ya leo huwa njaa ya mtoto kesho.

Siri yetu ilifichuka katika kidato cha pili. Mmoja wetu alikuwa akifundisha kauli ya kutendesha: lala, laza, la, lisha, nyonya, nyonyesha. Alipoliandika neno hilo la mwisho, mtoto wa mama muuza ndizi akalia nje ya dirisha. Mwili wa mzazi haungoji kengele. Maziwa yakatiririka, blauzi ikalowa mbele ya wanafunzi zaidi ya hamsini. Mwalimu alikumbatia daftari la mahudhurio kifuani, asijue ageukie wapi. Darasa lilinyamaza. Ndipo msichana mmoja wa safu ya mbele akainuka, akavua sweta yake, akaiweka mezani pasipo kusema neno, akarudi kuketi. Somo likaendelea. Lakini tuliona haya kwamba mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa ameona haja yetu, nasi watu wazima tulikuwa hatujathubutu kuitaja.

Siku ileile tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu.

“Mwalimu Mkuu,” tulisema, “twaomba dakika 20, mara mbili kwa siku, kwa shughuli ya kiafya.”

“Walimu wangu,” akajibu, “ni ugonjwa gani huu unaowashika wawili kwa saa moja?”

Tukanyamaza. Sisi tunaolipwa kufundisha maneno tulikuwa tumekosa neno. Hatimaye mmoja wetu akatamka, “Ni kukama maziwa, Mwalimu.”

Mzee yule ni mtu wa Ankole, na katika Kinyankole pia kitenzi hicho ni cha kukama ng'ombe. Alitupa jicho dirishani kana kwamba atafuta zizi. Kisha akaelewa, akaweka kalamu chini. “Kwetu,” akasema, “mtu akikama hasumbuliwi.” Akatupa ufunguo wa stoo ya vitabu, kwa sharti kwamba kipindi kisipotee hata kimoja.

Basi stoo ikawa chumba chetu. Tuliweka kiti, beseni na pazia la kitenge. Saa nne na nusu wakati wa mapumziko, na tena saa saba, mmoja aliingia na wa pili akasahihisha madaftari mlangoni. Pampu tulijaribu, tukaiacha, mkono ulitutosha. Kwanza kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya duara jeusi la chuchu, kusukuma kuelekea mbavuni, kubana, kuachia. Nguo ndogo ya mtoto, yenye harufu yake, iliyawahisha maziwa kuliko mbinu nyingine yoyote. Chupa tuliziandika majina na saa, tukazihifadhi katika friji ya kantini kando ya soda, maana katika joto la kawaida la chumba maziwa hayo yafaa kwa muda wa saa nne tu, ilhali katika friji hustahimili hata siku nne.

Hatukusalimika na hasara. Jioni moja mama mkwe wa mmoja wetu alikuta chupa imejitenga, mafuta yakielea juu na maji yakiwa chini. Akadhani yameharibika, akayamwaga yote, kisha akampa mjukuu uji mwepesi. Kwa hakika maziwa ya mama yakitulia hujitenga; yahitaji kutikiswa kidogo tu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kosa halikuwa la bibi. Lilikuwa letu, kwa kuwa tulimwachia chupa bila maelezo. Tangu siku hiyo tulimweleza kila kitu, naye akawa hodari wa kunywesha kwa kikombe kutushinda sisi.

Turudi kwenye lugha. Kukama ni kwa mnyama; kwa mama wauguzi husema kukamua, kama tunavyokamua ndimu au nguo iliyolowa. Wanafunzi wetu, wakiona funga na fungua, hudhani kila -ua hutengua. Sivyo. Kukamua hakutengui kukama, bali hutia nguvu palepale. Na kwa mama mfanyakazi, kukamua hakutengui kunyonyesha. Ni kunyonyesha kwa mbali.

Watoto wetu sasa wanakimbia. Mwalimu Mkuu yule amehamishwa, na aliyemfuata aliihitaji stoo kwa ajili ya vitabu. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tulichopewa kilikuwa hisani, na hisani huhama na mwenyewe. Wengine wameliona hilo zamani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulitaja nusu saa mara mbili kwa siku kwa mama anyonyeshaye; ule wa mwaka 2000 ukasema muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi na ulipwe. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, wamewataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia.

Kwa hiyo katika mkutano wa walimu tuliomba sentensi moja iingizwe katika kanuni za shule, nasi tukaiandika kwa mkono wetu: “Mwalimu anyonyeshaye atapewa mahali na muda wa kukamua maziwa.” Ilipita baada ya ubishi mrefu. Mwalimu mwenzetu aliye mjamzito sasa hatalazimika kutafuta neno.