Sahani Moja Tu

Katika gofu ya sahani, mtu hurusha sahani ya plastiki mpaka iingie katika kikapu cha minyororo. Fedha tulizochanga zatosha sahani moja tu ya kukaribia kikapu. Wenzangu wengi wataka Aviar. Mimi nataka Judge. Watengenezaji wamezipa zote mbili kasi 2, lakini kwa kuelea Aviar ina 3, Judge 4. Tofauti ndogo? La! Mtu aliye mita 40 huirusha polepole, nayo huelea yenyewe hata ikatua taratibu. Tena iwe ya plastiki laini, kwani ile ngumu huteleza ikifika chini, na kiwanja chetu, mjuavyo, chateremkia mtoni. Wasemao upepo utaipeperusha hawakukosea. Jumamosi tutapiga kura.