Pua ya Mama

Nilipokwenda likizo nyumbani Kihanga, Karagwe, mama alinipa kata ya maji ya kisima. Mlimani, juu ya kisima hicho, sasa kuna kituo cha petroli.

“Nimeyanusa, mwanangu, hayana kitu,” alisema.

Niliyakumbuka ya Thange, nchini Kenya, ambako mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, yakaharibu visima. Ndani ya petroli mna benzini, sumu iyeyukayo majini na iwezayo kuleta saratani ya damu. Kabla pua haijaitambua, kiwango cha usalama kimekwisha kupitwa mara nyingi.

Sikumbishia mama. Asubuhi tulifuatana kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaomba kisima kipimwe, tena kila msimu. Kwani tangi lililofukiwa huvuja kimya kimya.