Bi Harusi Kaja, TV ya Ukumbini Yaanza Chenga



Sisi tunaoshona nguo za harusi huletewa na mazungumzo ya baada ya fungate. Moja hujirudia: bi harusi kahamia ukweni, chumbani kwake kawekewa TV, na waya umevutwa kutoka kebo ile ile ya ukumbini. Siku ya pili tu, swala za Makkah anazotazama mama mkwe zinaanza kukatika vipande vipande. Hasemi mtu, ila macho yote kwa mgeni.

Kabla ya kununiana, tujue kinachotokea. Spilita, kile kidude cha kugawa waya, haiongezi mawimbi, huyagawa. Washonaji twajua: kitambaa cha gauni moja ukikikata mara mbili hupati magauni mawili. Spilita ya njia 2 hupunguza takriban desibeli 3.5, yaani kila TV hupata chini ya nusu. Ya njia 4 hupunguza kama desibeli 7, hata ikiwa TV zilizounganishwa ni mbili tu.

Tuanze hivi. Zimeni TV, toeni spilita, waya unaotoka nje uchomekwe moja kwa moja ukumbini. Picha ikitulia, tatizo lipo kwenye spilita au nyaya za ndani. Ikiendelea kukwama, mara nyingi kasoro iko nje. Aitwe fundi wa kampuni.

Kisha tazameni vichwa vya waya. Kisiwani kwetu hewa ya chumvi hula chuma: chenye kutu kibadilishwe, kilicholegea kikazwe. Nyaya zilizosokotwa na kufungwa selotepu zikatwe, upitishwe waya mzima. Spilita iwe moja, yenye njia mnazohitaji tu, na njia isiyotumika ifungwe kizibo chake cha omu 75. Kama TV ni nyingi, busta ikae kabla ya spilita, karibu na waya unapoingilia nyumbani, kwani mawimbi yakishaharibika, busta huyakuza pamoja na uchafu wake.

Bi harusi, usingoje kulaumiwa. Mwambie mumeo mapema, kwa upole, fundi aje mama akiwepo, aone mwenyewe kilichokuwa kibovu. Dhana mbaya huanzia kwenye vitu vidogo kama hivi, na ukweni ndiyo kwanza mnazoeana.

Allah atie mapenzi majumbani mwetu. Amin.