Shule ya Ufundi juu ya Kilima cha Worcester

Mji wa Worcester uko katika jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Boston. Wenyeji husema umejengwa juu ya vilima saba kama Roma, nasi tulioupitia kwa miguu hatukuona sababu ya kubishana nao. Hauna bahari, wala hauna mto mkubwa wa kupitisha meli. Utajiri wake wa zamani ulitoka katika mikono ya watu: nyaya za chuma, mashine za kufumia nguo, mawe ya kunolea, hata bahasha za barua. Msafiri huona bado majengo marefu ya matofali mekundu, ila mengi hayafanyi tena kazi yaliyojengewa.

Huko tulikwenda kutazama jambo moja tu, yaani shule ya ufundi ya watu wote, isiyodai karo, iliyo chini ya wilaya ya elimu ya mji. Jina lake ni Worcester Technical High School. Labda wazazi watatuuliza: Je, mnasafiri mbali hivyo kwenda kuona watoto wanaoranda mbao? Swali hilo tunalijua asili yake. Kwetu Kongo, tangu enzi za Wabelgiji, karani mwenye kalamu aliheshimiwa kuliko fundi mwenye nyundo, na mara nyingi mtoto hupelekwa karakana baada ya kushindwa darasani. Kumbe Wamarekani nao walikuwa na mawazo hayo hayo, na kuyaacha kumewachukua muda mrefu.

Mwanzo wake ni huu. Mwaka 1906, baada ya tume kuchunguza hali ya vijana walioacha masomo na kuingia viwandani bila kujua kazi yo yote, jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya shule za ufundi. Serikali ya nchi nzima ilifuata nyuma tu, kwa sheria ya 1917. Katika Worcester alikuwako mwenye viwanda mmoja, Milton Higgins, ambaye zamani alisimamia karakana za chuo cha uhandisi cha mji huo. Yeye aliwahimiza wenzake bila kuchoka, hata shule ya wavulana ikafunguliwa mwaka 1910. Mwaka uliofuata ikafunguliwa ya wasichana, ambayo baadaye iliitwa kwa jina la David Hale Fanning, tajiri aliyetengeneza mavazi ya ndani ya wanawake. Wasichana walifundishwa kushona na kupika. Vyuma na umeme vilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume.

Miaka ikapita, viwanda vikafungwa kimoja kimoja, na sifa ya shule ikashuka pamoja navyo. Ikawa mahali pa kuwapeleka wale ambao shule nyingine hazikuwataka. Ndipo mwaka 2006 likafunguliwa jengo jipya juu ya kilima, lililogharimu dola kama milioni 90. Lakini jengo peke yake halifundishi. Mabadiliko makubwa yalikuwa katika kazi ya ndani: masomo ya vitabu yalitiwa nguvu sawasawa na yale ya mikono. Mwaka 2014 Rais Barack Obama mwenyewe alifika kuwahutubia wahitimu, jambo ambalo shule nyingi za wenye fedha hazijapata kuliona.

Tazameni jinsi wanavyofanya. Juma moja mwanafunzi yu darasani, anasoma hesabu, lugha na historia. Juma linalofuata yu karakana kutwa nzima, akivaa nguo za kazi. Mtoto wa mwaka wa kwanza haambiwi siku ya kwanza, “Wewe utakuwa fundi bomba.” Kwanza anazungushwa: siku chache kwa maseremala, siku chache kwa mafundi wa umeme, kisha kwa wapishi, kwa wauguzi, kwa wachomeleaji, na kadhalika. Baada ya kuonja hivyo ndipo anachagua, na mwalimu naye hutoa maoni yake. Jambo hili lilitupendeza kuliko mashine zote tulizoonyeshwa, kwa kuwa wangapi kati yetu walichaguliwa kazi na mjomba ambaye hakuwahi kuwauliza neno?

Tena kazi yao si ya kuigiza. Wanafunzi huendesha mkahawa, na watu wa mjini huja kula na kulipa. Hutengeneza magari ya watu. Iko hata zahanati ya wanyama, inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Tufts, ambamo wenyeji wenye mapato madogo huleta mbwa na paka wao watibiwe kwa bei nafuu. Msomaji wa kijijini atacheka kusikia paka anapelekwa kwa daktari. Sisi tulicheka pia. Halafu tulipofikiri ng'ombe na mbuzi wangapi hufa kwetu bila kuonwa na mtu aliyejifunza, kicheko kikatuisha.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Shule za namna hii zilipopata sifa, katika jimbo zima waombaji walizidi nafasi kwa maelfu. Je, achukuliwe nani? Kwa miaka mingi shule hizo ziliruhusiwa kuchagua kwa alama, mahudhurio, nidhamu, barua ya mshauri na mazungumzo. Matokeo yake yalikuwa kinyume: mtoto maskini, mtoto mgeni ambaye Kiingereza chake ni cha jana, mtoto anayechoka na vitabu lakini mikono yake ina akili, ndio waliobaki nje. Karakana iliyojengwa kwa ajili yao ikaanza kujaa watoto wa wengine. Mwezi wa Mei 2025 baraza la elimu la jimbo liliamua kwamba shule yenye waombaji wengi kuliko nafasi ipige kura, na alama za darasani zisiwe kizuizi tena.

Kura ni haki kuliko upendeleo, hilo tunalikubali. Hata hivyo kura haiongezi hata kiti kimoja. Inagawa uhaba tu. Kuongeza nafasi ni kazi nzito. Darasa la historia laweza kupokea watoto thelathini kwa ubao mmoja, lakini mwalimu wa kuchomelea hawezi kuwaangalia thelathini penye moto. Mashine ni ghali na huchakaa. Na fundi hodari wa umeme hupata mshahara mkubwa zaidi akibaki katika kazi yake kuliko akija kufundisha. Ndiyo sababu Worcester inafungua masomo ya ufundi ndani ya shule zake nyingine za sekondari pia, na katika jimbo ziko karakana zinazofunguliwa tena alasiri kwa wanafunzi wa shule za kawaida. Mashine hizo zingekaa bure mpaka asubuhi, heri zitumike.

Katika mji huo wamo pia jamaa zetu waliotoka mashariki mwa Kongo kwa sababu ya vita. Mama mmoja alitusalimu kwa Kiswahili cha Uvira, akatueleza habari za mwanawe, mvulana wa miaka kumi na minne.

“Baba yake alitaka awe mwanasheria,” alisema. “Mtoto anataka vyuma.”

“Nawe, mama, wataka nini?” tuliuliza.

“Mimi nataka jina lake litoke kwanza. Mengine watazungumza wao wawili nyumbani.”

Barua ya shule ilikuwa haijafika bado siku tuliyoondoka.