Kiangazi cha Ufini na Picha Zifikazo Langas

Mwezi wa Julai mtaa wa Langas, ulio upande wa kusini wa mji wa Eldoret, huwa katika mvua na baridi. Nchi ya Uasin Gishu imeinuka kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati huo mawingu hushuka mchana, matope hujaa vichochoroni, na akina mama huwasha makaa mapema ili nyumba zipate joto. Mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili yamesimama shambani lakini hayajafaa kuvunwa, na akiba ya mwaka uliopita imekaribia kwisha. Ni katika majuma hayo hayo ndipo simu za wazee wa Langas hupokea picha kutoka Ulaya: watoto waliovaa kaptura wamesimama mchangani kando ya ziwa, jua linawaka, na kila mmoja ameshika kikombe kilichojaa matunda.

Picha hizo ni za kweli, wala hazina hila. Lakini picha huonyesha siku moja tu, na mwaka una siku nyingi. Basi yafaa kueleza kiangazi cha nchi zile ni kitu gani, jamaa zilizotoka huku hukitumia kwa namna gani, na gharama yake ni kiasi gani. Maana kwa kutoyajua mambo haya watu wengine wameuza mashamba, na wengine wamekosana na watoto wao.

Miongoni mwa nchi za Ulaya, Ufini, ambayo watu wa Langas huiita Finland, ndiyo iliyotajwa sana Eldoret katika miaka ya karibuni. Nchi hiyo iko mbali kaskazini. Ina watu wapatao milioni 5.6 tu, lakini maziwa yake, makubwa na madogo, hupita 180,000, na robo tatu hivi za ardhi yake ni misitu. Mtu wa Langas, aliyezaliwa karibu na Ikweta, amezoea jua lenye desturi moja: huchomoza saa kumi na mbili na nusu na kutua saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Huko sivyo. Katika mji wa Tampere, uliojengwa kati ya ziwa Näsijärvi na ziwa Pyhäjärvi, jua la mwisho wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi za alfajiri na kutua baada ya saa tano za usiku, na hata likisha kutua giza kamili haliingii. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Jua huonekana karibu na saa nne asubuhi, na ifikapo saa tisa alasiri limekwisha kwenda zake. Tena siku nyingi halionekani kabisa kwa sababu ya mawingu.

Ichukuliwe kwa mfano jamaa moja yenye asili ya Langas inayokaa Tampere: mama ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, baba hufagia na kusafisha maofisi, na watoto wao ni watatu. Shule za nchi ile hufungwa mwanzoni mwa Juni na hazifunguliwi mpaka katikati ya Agosti, yaani majuma kumi hivi. Julai ndio mwezi ambao wenyeji wengi huchukua likizo, na ofisi nyingi hubaki na watu wachache. Mama hupata majuma machache ya mapumziko. Baba huongeza zamu, kwa kuwa wenyeji wakienda likizo mahali pao hutafutiwa watu. Huo ndio mwanzo wa jambo ambalo picha haionyeshi: aliyeshika simu na kupiga picha ametoka kazini usiku wa kuamkia siku hiyo.

Taabu ya kwanza ya kiangazi ni usingizi. Mama hutundika mapazia mazito meusi madirishani na kuwaambia watoto kwamba usiku umeingia, lakini mtoto wa mwisho huinua pembe ya pazia na kusema kuwa jua lenyewe halijaenda kulala, kwa nini yeye alale? Taabu ya pili ni mbu, ambao huzagaa msituni mwezi wa Juni kuliko hata wale wa Kisumu, ila hawaleti malaria.

Starehe ya kwanza ni maji. Upande wa Pyynikki, ndani ya mji wa Tampere, kuna ufuko wa mchanga katika ziwa Pyhäjärvi, na mtu yeyote huingia bila kulipa kitu. Kwa wazazi waliokulia Langas jambo hili lilitaka moyo. Huku nyumbani mtoto hukanywa asikaribie mto Sosiani wala shimo la mawe lililojaa maji ya mvua, naye hukua akiyaogopa maji. Huko watoto hufundishwa kuogelea shuleni, na ikawa mtoto wa miaka tisa ndiye aliyemfundisha baba yake kuelea. Mzee wa miaka arobaini alijifunza kwa binti yake, mbele ya watu, wala hapana aliyecheka.

Juu ya kilima cha Pyynikki umesimama mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1929, na chini yake kuna mkahawa unaosifiwa kwa maandazi yenye tundu katikati. Jamaa hii hupanda huko mara moja katika kiangazi, hununua andazi moja kwa kila mtoto, na chai huibeba kutoka nyumbani katika chupa ya kuhifadhi moto. Mama huyala maandazi hayo akiwakumbuka wauzaji wa mandazi wa barabara ya Kisumu.

Starehe ya pili ni matunda ya mwituni. Nchi ya Ufini ina desturi ya kale inayoitwa haki ya kila mtu. Kwa desturi hiyo mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, maskini au tajiri, aweza kupita kwa miguu katika msitu, hata uwe mali ya mtu mwingine, na kuchuma matunda ya mwituni na uyoga bila kuomba ruhusa. Lakini haki hiyo ina mipaka yake. Mtu haruhusiwi kuingia uani mwa nyumba ya mwenziwe, wala kukanyaga shamba lililolimwa, wala kukata mti, wala kuwasha moto pasipo idhini ya mwenye ardhi. Mwishoni mwa Julai matunda madogo ya rangi ya buluu huiva chini ya miti, na jamaa hii hutoka asubuhi na ndoo. Wakirudi midomo ya watoto imekuwa myeusi na ndoo zimejaa. Sehemu huliwa siku hiyo, na sehemu iliyo kubwa hugandishwa kwa ajili ya miezi ya giza, kama mkulima wa Uasin Gishu awekavyo mahindi ghalani.

Starehe ya tatu ni sikukuu ya Juhannus, ambayo huangukia Jumamosi iliyo kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Miji hubaki kama mahame. Watu huenda kando ya maziwa, huota mvuke wa sauna, kisha huruka majini, na usiku huwashwa mioto mikubwa ufukoni. Wakenya waliopo hukusanyika pia, wakachoma nyama na kupika chapati. Ni lazima isemwe vilevile kuwa karibu kila mwaka sikukuu hiyo huacha misiba ya watu waliozama, na mara nyingi pombe huwa imehusika. Furaha isiyo na kiasi ina hatari, iwe Tampere au Langas.

Liko jambo jingine linalostahili kutajwa, nalo ni la mji mkuu, Helsinki. Tangu mwaka 1942, wakati wa vita, mji huo huwapa watoto chakula cha mchana bure katika viwanja vya michezo wakati wa kiangazi. Kila mtoto huja na bakuli lake na kijiko chake, akasimama mstarini. Haulizwi baba yake ni nani. Vita vilikwisha zamani, lakini chakula kile hakikukomeshwa.

Sasa turudi Langas. Mwaka mmoja picha ya ziwa ilimfikia nyanya wa watoto hao katika juma lile lile ambalo mjukuu wake mwingine alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama mzee alipiga simu akasema, "Mwanangu, mimi sikatai ninyi kustarehe. Lakini kama fedha za kwenda ziwani zipo, je, za huyu mtoto zimekosekana?"

Mwanawe alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mama, ziwa lile halilipiwi. Matunda yale hatukuyanunua. Tulikwenda kwa miguu, na ile chupa uliyoiona ni chai ya nyumbani."

"Hamlipi hata shilingi?"

"Hata senti, Mama. Kinacholipiwa ni nyumba, na nauli, na kodi ya serikali, na nguo za baridi za watoto watatu kila mwaka, kwa kuwa wanakua. Hayo hatuyapigi picha."

Mama mzee alikaa kimya, halafu akauliza kwa nini basi hawakumletea hata siku moja picha ya mwezi wa Novemba. Mwana hakuwa na jibu. Na kwa kweli hapo ndipo palipo kosa la wale walioko ng'ambo. Hutuma nyumbani jua, na giza hulificha, wakidhani kwamba wanawaondolea wazee huzuni; kumbe huwaachia hesabu isiyo sahihi.

Hesabu isiyo sahihi ina madhara makubwa. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu ilianza mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Ufini, na baadaye Kanada. Wazazi wengi walikopa, wengine wakauza ng'ombe na ardhi, ili watoto wao wapate nafasi katika vyuo vya Tampere, Jyväskylä na Laurea. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba karo za vijana wengi hazikufika vyuoni. Wazazi wakaandamana Eldoret wakidai fedha zao, na mashtaka yakafikishwa mahakamani. Ni kweli kwamba wenye kulaumiwa katika jambo la fedha si wazazi. Lakini mzazi aliyeuliza mambo mengi kabla ya kuuza shamba lake hakupata hasara kama yule aliyetazama picha tu.

Kuna funzo la pili, nalo lahusu ardhi yenyewe ya Uasin Gishu. Mwezi wa Oktoba 1908 jamaa za Makaburu zaidi ya 40, zikiongozwa na Jansen van Rensburg, zilifika katika nchi hii kwa magari ya kukokotwa na maksai, baada ya kusafiri kwa meli hadi Mombasa na kwa reli hadi Nakuru. Hao pia walikuwa wageni waliokuja na watoto wao. Katika utawala wa kikoloni ardhi ile ilitengwa kwa Wazungu, na Mwafrika aliingia katika mashamba na vilabu vyao kama mtumishi. Starehe za wageni hao zilikuwa nyuma ya ua. Mtoto wa Langas achumaye matunda leo katika msitu wa Ufini ni mgeni katika nchi ya watu, lakini hapana ua mbele yake. Tofauti hiyo haikuletwa na utajiri peke yake. Ililetwa na watu kukubaliana kwamba viko vitu ambavyo ni vya wote.

Langas imegawanywa viwanja na kujengwa nyumba za kupangisha, ukuta kwa ukuta, hata mtoto akitaka kucheza mpira huucheza njiani kati ya pikipiki. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Jiji lisilo na kiwanja cha watoto, wala kivuli cha mti kando ya mto wake, limepata jina tu. Wazee wa mtaa, wenye ardhi na wawakilishi wao wangefanya vema kulinda kila kipande cha uwanja wa umma kilichosalia, kwa kuwa kikisha kujengwa hakirudi.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, mahindi mabichi yalipoanza kuingia sokoni, yule mama mzee aliketi kando ya jiko lake huko Langas akachoma mahindi mawili, akayapaka ndimu na pilipili, kisha akamwomba mjukuu wake ampigie picha aipeleke Tampere. Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo. Wajukuu waliozaliwa huko hawakuelewa sana picha ile. Lakini baba yao, aliyekuwa akijitayarisha kwenda zamu ya usiku, aliitazama muda mrefu, na mkewe akaona machozi. Mahindi mawili ya mama yake yalikuwa na thamani kwake kupita ziwa zima.