Nilivyotembea London kwa Miguu

Wazee wetu walisema kwamba mtembezi hula miguu yake, nami nilipofika London mwezi wa Mei, 2023, niliila yangu barabara. Lakini safari ile ilinipa jibu la neno lililokuwa likininyima usingizi, na kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wasomaji, hasa walio wakulima kama mimi, na wale waketio ofisini kama nilivyoketi zamani.

Nalikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa katika Murang'a kwa miaka 26. Nilipostaafu nilirudi katika shamba nililoachiwa na marehemu baba, lenye mibuni 300 aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe. Siku chache kabla ya safari, kijana wangu alinijia akaniambia kwa adabu, "Baba, kahawa hii haitulishi. Niruhusu niing'oe yote, nipande maparachichi." Sikukasirika, maana vitabu vya hesabu nalivishika mimi, nami nilijua hasemi uongo. Nikamjibu, "Ngoja nirudi, nitakupa neno langu." Kisha nikapanda ndege kwenda kumtazama binti yangu, ambaye ni mwuguzi huko na ndiye aliyenilipia nauli. Neno lenyewe sikuwa nalo.

Mchana binti yangu alikuwa kazini. Alinionyesha jinsi ya kupanda treni na basi, lakini mimi nilitaka kutembea. Sehemu ya kale ya London, ambayo wenyewe huiita City, ni ndogo, kama maili moja mraba tu, hata mzee aweza kuipita kwa siku moja bila ya kujitesa. Tena wenyeji wamemrahisishia mtu wa miguu kazi yake. Kando ya njia zimesimamishwa mbao zenye ramani, zikionyesha mahali ulipo na mwendo wa dakika tano utakufikisha wapi. Magari nayo hupita upande wa kushoto kama ya kwetu, basi sikusumbuka kuvuka barabara.

Nilianza asubuhi karibu na Mnara wa London, ngome iliyoanzishwa na Mfalme William baada ya kuishinda Uingereza mwaka 1066. Sikuingia ndani, kwa kuwa kiingilio kilikuwa kizito kwa mfuko wangu. Lakini nje, bila ya kulipa hata senti, nilisimama mbele ya kipande cha ukuta wa mawe uliojengwa na Warumi waliouanzisha mji huo karibu miaka 2,000 iliyopita. Watu walipita wakiwahi kazini, wala hawakuutazama. Nikakumbuka kwamba hata mimi hupita kila siku chini ya mibuni ya baba bila ya kuinua macho.

Toka hapo nilikwenda polepole hata nikafika penye nguzo kubwa ya mawe iitwayo Monument. Hiyo ni kumbukumbu ya moto ulioanza katika nyumba ya mwoka mikate tarehe 2 Septemba, 1666. Moto ule uliwaka siku nne, ukateketeza nyumba 13,200 na makanisa 87, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Nguzo ina urefu wa futi 202, na huo ndio umbali kutoka hapo hata mahali moto ulipoanzia. Nilipanda ngazi zake zote 311, nikipumzika mara tano. Huko juu nikaona jambo la ajabu. Majumba ya vioo ya siku hizi yamesimama kama milima, lakini chini yake vichochoro vimepinda huku na huku kama njia za mbuzi.

Niliposhuka nilipewa hati ya kushuhudia kwamba nimefika juu, hati yangu ya kwanza tangu nistaafu. Nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa pale kazini, "Bwana, mji huu uliteketea karibu wote. Mbona hawakuzinyosha njia walipojenga upya?" Akacheka, akasema, "Wako waliotaka. Lakini kila mwenye kiwanja alikijua kiwanja chake."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Siku chache tu baada ya moto, Christopher Wren, fundi mkuu wa majengo, alimpelekea mfalme ramani ya mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Ramani ile haikufuatwa, kwa sababu wenye viwanja wasingekubali kuvipoteza, wala fedha za kuwalipa hazikuwapo. Badala yake iliwekwa mahakama ya kuamua haraka mashauri ya wenye nyumba na wapangaji wao. Njia chache zilipanuliwa, na sheria ikaamuru nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, si kwa mbao tena. Basi mji ukainuka mpya juu ya njia zile zile za kale. Ndiyo maana hata leo ni mji wa kutembea kwa miguu, maana njia zake zilitengenezwa na miguu.

Nikaendelea hata mtaa wa Cornhill, nikaingia katika kichochoro chembamba cha St Michael. Hapo ukutani pana kibao kisemacho kwamba ndipo mkahawa wa kwanza wa London ulipokuwa, mwaka 1652. Aliyeufungua ni Pasqua Rosée, mtumishi wa mfanyabiashara aliyetoka Izmir katika nchi ya Waturuki. Nilisimama pale kwa kitambo kirefu. Watu wale walikuwa wakinywa kahawa zaidi ya miaka 200 kabla ya mbuni wa kwanza kupandwa Kenya! Mkahawa wenyewe uliungua katika ule moto, na siku niliyofika mimi palikuwa na nyumba ya kuuzia mvinyo. Lakini biashara ya kahawa haikufa na jengo.

Hatua chache kutoka hapo nikaingia dukani, nikanunua kikombe kimoja. Nililipa paundi 3 na senti 30, yaani kama shilingi 560 za kwetu. Ukarani haumtoki mtu. Nikatoa kalamu, nikapiga hesabu juu ya karatasi ya kupangusia mdomo. Msimu uliopita nililipwa shilingi 80 kwa kilo ya kahawa mbivu. Kwa hiyo kikombe kile kilikuwa sawa na kilo 7 za jasho langu, na kilo 7 hizo, zikimenywa, zikikaushwa na kukobolewa, hutoa kilo moja hivi ya kahawa safi, ambayo ikikaangwa hutosha vikombe karibu 50. Kahawa ilikuwa nzuri, lakini koo lilikuwa chungu. Nikasema moyoni, kijana wangu ana haki.

Nikatoka, nikafuata mtaa wa Poultry, maana yake mtaa wa kuku, nikapita vichochoro viitwavyo Mkate na Maziwa. Kuku hawapo, wala maziwa. Majina ndiyo yamebaki, yakimkumbusha mpita njia kwamba mji huu ulilishwa na wakulima. Jioni nikafika kanisa la Mtakatifu Paulo, alilolijenga upya Wren huyo huyo toka mwaka 1675. Watalii hulipa kiingilio, ila ajaye kusali halipi. Nikaketi katika sala ya jioni, miguu ikiniuma, na humo ndimo jibu liliponijia. Wale waliounguliwa hawakuuhama mji wao, wala hawakuujenga kama ulivyokuwa. Waliziweka njia, wakabadili nyumba.

Niliporudi nilimwita kijana wangu shambani. Nikamwambia, "Mizizi ya babu yako haing'oki. Ila mashina ni ya kwako." Tulikata mibuni 200 iliyozeeka, na machipukizi yake tukayapandikiza vikonyo vya Batian, aina iliyotolewa na watafiti wa Kenya mwaka 2010, ambayo huvumilia kutu ya majani na ugonjwa wa matunda. Ile 100 iliyobaki, iliyokuwa kwenye udongo mbaya, nilimwachia ang'oe na kupanda maparachichi yake. Wala habari ya bei sikuisahau. Karatasi ile ya hesabu ninayo hata leo, na katika mkutano wa chama huinuka nikaisoma kwa sauti.

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika mji wa kale, vaa viatu vilivyokwisha kukuzoea, uache basi lipite. Na urudipo, anza kwa kulitembelea shamba lako mwenyewe.