Bolti Isiyotaka Kutoka

Nilipoanza kushika spana uani kwa mjomba, Tanga, Hilux nyingi tulizozijua zilikuwa na tosheni baa mbele, fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi. Shokapu ilisimama peke yake, na kuibadilisha hakukumsumbua mtu. Kisha likaja toleo la mwaka 2004, Vigo, ambalo springi yake imevishwa juu ya shokapu. Vyote viwili vinashikwa chini na bolti moja ndefu inayopenya lowa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu.

Kwa gari linalolala karibu na bahari, bolti hiyo ni kesi. Nati hufunguka vizuri tu. Inayogoma ni bolti yenyewe, kwa kuwa chumvi na maji ya tope vimepenya hadi kwenye bomba la chuma lililo katikati ya bushi ya mpira chini ya shokapu, kutu ikaigandisha bolti na bomba hilo. Ukiizungusha, inazunguka na bomba lake. Ukiachia spana, mpira wa bushi unairudisha pale pale.

Siku zile dawa ilikuwa nyundo na gesi. Nyundo ilichanua ncha ya bolti ikawa kama uyoga, isipite tena tunduni. Moto uliunguza mpira, moshi ukatutoa machozi. Mara nyingi tuliishia kuikata kwa msumeno na kwenda kununua nyingine.

Mjomba ndiye aliyebadilisha mwendo. Alianza kulowesha mafuta ya kulegeza kutu jioni, kazi ianze asubuhi. Nati aliirudisha mpaka ikalingana na ncha ya bolti, nyundo isiharibu nyuzi. Spana aliichomekea bomba refu, akawa anakaza kidogo, analegeza kidogo, mpaka kutu ikalia. Nati ya katikati juu ya shokapu hakuigusa kabla ya kuibana springi kwa kibanio chake, maana springi ikifyatuka inaua.

Lakini badiliko kubwa lilikuja kwenye kufunga. Alisafisha tundu kwa brashi ya waya, akaipaka bolti mpya grisi mwilini, kisha akaikaza mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini, bushi isikae imejipinda. Gari hilo liliporudi baada ya miaka, bolti ilitoka bila nyundo.

Ugumu wa bolti huanza siku inapofungwa kavu. Nawe unayebadilisha shokapu nyumbani, hasa ukiwa pwani, usiifunge bila grisi. Ipo siku itafunguliwa, na huenda mfunguaji ukawa wewe mwenyewe.